Kujifunza Kuogelea Ukubwani Ukiwa Unaogopa Maji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa mtu mzima asiyejua kuogelea na anayeogopa maji, awe Dar es Salaam, Mombasa, Unguja, Mwanza, Nairobi au kwingineko. Yamefuata mpangilio wa kujifunza wenyewe, kwa hiyo ni vizuri kuyasoma kuanzia juu.

Nina miaka 45. Si nimechelewa?

Hujachelewa. Mtu mzima anaelewa maelezo, anaweza kueleza anachohisi, na anajua kujizuia asikurupuke. Kinachopungua na umri ni ulaini wa viungo, hasa vifundo vya miguu na mabega, pamoja na uwezo wa kustahimili baridi. Mwenye miaka 60 au 70 naye anajifunza, ila vipindi vyake viwe vifupi na maji yasiwe ya baridi.

Kinachowakwamisha wengi ni mpangilio mbaya wa mafunzo. Mwalimu anaanza na mikono na mateke, ilhali mwanafunzi hajui atasimamaje akishalala juu ya maji. Mtu asiyejua njia ya kutoka hawezi kutulia, na asiyetulia haelei. Mpangilio unaofaa ni huu: pumzi kwanza, kisha kusimama, kisha kuelea, ndipo kwenda mbele.

Mbona kifua kinanibana maji yakifika kifuani, hata nikiwa nimesimama?

Mbano ule si woga mtupu. Maji yana mgandamizo. Yanakisukuma kifua kwa nje, na pia yanasukuma damu kutoka miguuni na tumboni kuelekea kifuani, hivyo kuvuta pumzi kunakuwa kuzito kidogo. Kila mtu anapata hali hiyo, hata muogeleaji hodari, ila yeye ameizoea. Maji yakiwa baridi, mwili huongeza jambo lake: unashtuka na kuvuta hewa kwa nguvu bila kupenda. Mabwawa yasiyopashwa joto ya Nairobi na Arusha mwezi Julai huwafanyia hivyo wageni wengi, wakadhani wameshikwa na hofu.

Dawa yake ni kuingia polepole kwa ngazi. Simama maji yakiwa magotini, kisha kiunoni, jimwagie shingoni na usoni, halafu teremka hadi kifuani. Kaa hapo dakika 3 hadi 5 ukitoa pumzi ndefu kuliko unavyoivuta. Mbano hupungua wenyewe.

Lakini ikiwa moyo unakwenda mbio kwa kuona tu bwawa, au huwezi kujimwagia maji kichwani bafuni, hofu hiyo inahitaji hatua ndogo zaidi, na mwanasaikolojia anaweza kusaidia sana. Hali kadhalika kwa aliyenusurika kuzama, au aliyepoteza ndugu katika ajali kama ya MV Bukoba ya 1996, MV Spice Islander I ya 2011 au MV Nyerere ya 2018. Mwambie mwalimu mapema. Hofu ya namna hiyo ina sababu, na hakuna mwenye haki ya kuicheka.

Nianzie bwawani, baharini au ziwani?

Bwawani, kwenye upande wa kina kifupi. Unahitaji maji yaliyotulia, sakafu unayoiona, na kina kati ya kitovu na kifua. Pakiwa pafupi kuliko hapo utagonga magoti ukijaribu kusimama. Pakiwa parefu kuliko hapo nyayo zitachelewa kufika chini, na ule ucheleweshaji mdogo ndio unaozaa hofu. Kabla ya somo la kwanza tembea huku na huku ukipapasa sakafu kwa nyayo, maana mabwawa mengi ya hoteli huteremka ghafla baada ya mita chache. Jua mahali mteremko unapoanzia.

Maji yawe safi kiasi cha kuona wazi mfuniko wa bomba la kutolea maji kwenye kina kirefu kabisa. Usipouona, usiingie: mtu akizama hapo naye hataonekana. Joto la nyuzi 28 hadi 30 linamfaa anayeanza.

Ziwa Victoria na Tanganyika yana kichocho, hasa kando penye majani na maji yaliyotuama, mahali hasa ambapo mwanafunzi angesimama. Vijidudu vyake hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Kama umeshaogelea huko, pima wiki 6 hadi 8 baadaye; ugonjwa unatibika kwa praziquantel. Sehemu nyingine za maziwa hayo zina mamba na viboko pia. Habari za bahari ziko chini zaidi.

Nimjueje mwalimu anayefaa?

Muulize maswali matatu kabla ya kulipa. Somo la kwanza litakuwaje? Utakuwa ndani ya maji pamoja nami au utasimama ukingoni? Nikisema "basi", utafanya nini? Anayefaa atakuambia somo la kwanza ni pumzi na kuzoea maji, ataingia majini nawe, na neno "basi" kwake litamaliza zoezi papo hapo bila mabishano. Asikuachie ghafla alipoahidi kukushika. Ahadi moja ikivunjwa kwenye maji, kazi ya wiki nyingi inaharibika.

Mkimbie anayesema dawa ya woga ni kutupwa kwenye kina kirefu. Njia hiyo inafundisha kuhangaika, na wengine wameondoka nayo na hofu ya maisha. Darasa la mtu mzima mwenye woga liwe la wanafunzi wasiozidi watatu kwa mwalimu mmoja, angalau mwanzoni.

Nahitaji vifaa gani?

Miwani ya kuogelea ndiyo muhimu kupita vyote, kwa sababu anayeona sakafu hutulia. Ijaribu dukani bila kuvuta mkanda: ibandike machoni na uibonyeze kidogo, ikikaa hata sekunde mbili bila kushikwa, inakufaa. Mkanda usikazwe sana, kwani kukaza kupita kiasi kunapinda raba na maji huingia.

Nguo iwe ya kitambaa cha kuogelea. Pamba hunyonya maji, huwa nzito na huvuta mabega chini. Anayetaka kujisitiri avae vazi la kuogelea linalofunika mwili mzima, na ahakikishe sketi yake haizidi mapaja, maana kitambaa kirefu huzunguka miguu. Huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana na wanawake kuogelea wakiwa na mavazi ya namna hiyo, na madumu matupu yametumika kama vifaa vya kuelea. Vifaa vya bei kubwa si sharti.

Wenye rasta au nywele zilizosukwa watafute kofia kubwa ya kuogelea. Lowesha nywele kwa maji ya bomba kwanza na upake mafuta. Nywele zilizokwisha kunywa maji safi hunyonya klorini kidogo.

Maboya ya mikononi hayamfai mtu mzima: yanainua mabega, yanaacha nyonga zizame, na yakivuliwa unaanza upya. Gongo la sponji chini ya makwapa ni bora, kwa muda mfupi.

Siku za mwanzo tunafanya nini hasa?

Pumzi. Watu wengi waoga hufunga pumzi mara uso unapogusa maji, kisha hubaki hivyo. Ile haja kali ya kupumua inatokana na kujaa kwa kaboni dayoksaidi mwilini, na huja mapema kabla oksijeni haijapungua sana. Aliyefunga pumzi anakusanya kaboni dayoksaidi, mwili unapiga kelele, naye anadhani anakufa. Anayetoa pumzi majini hapati kelele hiyo upesi, na akiinuka mapafu yake yana nafasi ya hewa mpya.

Shika ukingo kwa mikono yote miwili. Vuta hewa kwa mdomo, kiasi cha kawaida, usijaze hadi mabega yapande. Tia uso majini hadi masikioni, ukitoa hewa polepole puani kwa sauti ya "mmmm". Ule mngurumo unahakikisha hewa inatoka mfululizo, na pua inayotoa hewa haiingiwi na maji. Hesabu mpaka tatu au nne, inuka, vuta tena. Hatua hii umeiva ukiweza kurudia mara 10 bila kukatiza na bila kufuta uso. Kufuta uso kila mara ni tabia ya kuachwa mapema, maana huwezi kuogelea huku unajifuta.

Zoezi hili linafanyika nyumbani pia kwa beseni la maji ya uvuguvugu, dakika 5 kila jioni. Hakuna kazi ya nyumbani yenye faida kuishinda. Jambo moja la kukatazwa kabisa: usipumue harakaharaka mara nyingi ili upate kukaa chini ya maji muda mrefu. Kufanya hivyo hushusha kaboni dayoksaidi, ile haja ya kupumua inachelewa, na mtu anapoteza fahamu majini bila dalili.

Nikishalala majini nitasimamaje?

Swali hili ndilo kiini cha yote, na wengi hawalijibiwi. Ukilala kifudifudi, fanya kwa mfuatano huu: kunja magoti uyalete kifuani, wakati huohuo sukuma maji kwa viganja kutoka mbele kuelekea chini, mikono ikiwa imenyooka, kiwiliwili kitazunguka chenyewe kiwe wima, tafuta sakafu kwa nyayo zote mbili, kichwa kiinuke mwisho.

Kosa la karibu kila mwanafunzi ni kuinua kichwa kwanza. Kichwa kikipanda, miguu inabaki nyuma ikielea, vidole vya miguu vinateleza kwenye vigae, uso unarudi majini, na hapo mtu anakunywa maji kwenye kina cha kiunoni. Watu wamewahi kuzama mahali ambapo wangeweza kusimama kwa sababu hiyo.

Ukiwa chali, lete kidevu kifuani, kunja magoti, na uchote maji kwa viganja kutoka pembeni kuelekea mbele ya mapaja. Kichwa kisirushwe nyuma. Mwanzoni mwalimu akushike chini ya makwapa.

Rudia kusimama mara nyingi kuliko unavyorudia kuelea. Siku utakaposimama bila kufikiri ndiyo siku hofu itakapopungua kwa kiasi cha kushangaza.

Mimi nazama tu. Nasikia mifupa yetu ni mizito.

Maneno haya yamewazuia Waafrika wengi, nayo hayana msingi. Tofauti za uzito wa mifupa kati ya watu ni ndogo mno ukilinganisha na kazi ya mapafu. Pumzi kamili huongeza lita 3 hadi 5 za hewa kifuani bila kuongeza uzito wa maana, na karibu kila mtu aliyejaza mapafu huelea, japo kwa kidogo. Jaribu mwenyewe kwenye maji ya kifuani: vuta hewa, kumbatia magoti, inamisha kichwa, usifanye chochote. Utashuka kidogo, kisha mgongo utapanda na kutokeza juu. Toa hewa yote, nawe utashuka. Ukiona tofauti hiyo kwa mwili wako utaamini kuliko kuelezwa.

Miguu kuzama ni jambo jingine, na ni la kawaida, hasa kwa watu wembamba wenye misuli. Hewa iko kifuani, uzito uko zaidi kwenye nyonga na mapaja, basi miguu hushuka. Ukilala chali, zamisha masikio, tazama juu moja kwa moja, inua kitovu, na nyoosha mikono nyuma ya kichwa. Mikono ikienda huko uzito nao unasogea na miguu inapanda. Kukunja magoti kidogo kunasaidia pia. Pumua kwa kubakiza hewa: vuta haraka, bana sekunde mbili, toa haraka, vuta tena. Ukitoa hewa yote kwa utulivu utashuka, na masikio yakizama unashtuka.

Maji ya bahari ni mazito kuliko ya bwawa kwa takribani asilimia 2.5, ndiyo maana watu huelea kwa urahisi zaidi baharini.

Napiga mateke lakini siendi. Wengine wanasema narudi nyuma!

Inawezekana kabisa. Mtu mwenye vifundo vikavu, kwa mfano mkimbiaji, vidole vyake vinaelekea chini ya bwawa, na kila teke linasukuma maji mbele. Teke lianzie nyongani, goti likunjwe kidogo tu, unyayo ulegee na vidole vielekee nyuma. Anayekunja magoti sana anakanyaga maji, hayapigi. Kaa juu ya visigino nyumbani, nyayo zikiwa zimelazwa, sekunde 20 hadi 30, ili kulainisha vifundo. Mwenye maumivu ya goti asifanye.

Kabla ya teke, lakini, jifunze kuteleza. Sukuma ukuta kwa miguu, mikono imenyooka mbele, uso majini, na uache mwili uende wenyewe mita 3 hadi 5, kisha simama. Asiyeteleza vizuri atapiga mateke ya kufidia mwili uliopinda, na atachoka kabla ya kufika popote.

Pumzi ya pembeni, ninapoogelea kifudifudi, inanishinda.

Kwa sababu unainua kichwa badala ya kukigeuza. Zungusha mwili mzima ubavu, sikio moja libaki majini, na mdomo utatokeza wenyewe. Hewa yote iwe imeshatoka kabla hujageuka. Nje ya maji ni kuvuta tu. Ikiendelea kukushinda, anza na kuogelea chali, ambako uso uko nje muda wote. Kwa mwenye woga tunapendelea hivyo.

Maji yakiingia puani au masikioni?

Puani huwasha, basi. Pulizia nje, kohoa, subiri dakika moja. Masikioni, inamisha kichwa upande, vuta sikio taratibu na ujifute kwa taulo. Usitie kijiti cha pamba. Anayetokwa na usaha, au mwenye kiwambo cha sikio kilichotoboka, asiingie majini kabla ya kuonana na daktari.

Hofu ikinishika katikati ya bwawa?

Usipiganie ukingo. Geuka chali, masikio ndani, pumua kwa kubakiza hewa kifuani, tingisha viganja polepole pembeni mwa nyonga. Ukishapumua mara tano hivi, ndipo uamue uende wapi. Hili linafanyiwa mazoezi kwa makusudi: katikati ya kila zoezi mwalimu aseme "geuka", nawe ugeuke chali papo hapo. Msuli wa shavu la mguu ukibana, shika vidole vya mguu uvivute kuelekea kwako, goti likiwa limenyooka.

Lini niende kina kirefu?

Ukishaweza kuelea chali dakika moja, kuteleza na kugeuka, na kusimama bila kubabaika. Teremka kwa ngazi, shika ukingo, zama taratibu ukitoa pumzi, kisha ujivute juu. Halafu achia mkono mmoja, halafu yote miwili kwa sekunde chache, ukuta ukiwa mbele ya uso. Wengi hugundua kwamba kina hakibadilishi chochote kwa mtu anayeelea: unaelea juu ya mita 3 kama ulivyoelea juu ya mita 1.

Kipimo kizuri cha kujua kama umefika ni kile cha Msalaba Mwekundu wa Marekani: kuingia kwenye maji yanayokupita kimo, kurudi juu na kukaa dakika moja kwa kuelea au kukanyaga maji ukiwa wima, kugeuka duara kamili na kutafuta njia ya kutoka, kuogelea takribani mita 23 hadi hapo, na kutoka bila ngazi.

Itachukua muda gani?

Kwa vipindi viwili au vitatu kwa wiki, vya dakika 30 hadi 45, mwenye woga mkubwa anaweza kutumia mwezi mzima kwa pumzi, kusimama na kuelea tu. Huo si muda uliopotea. Kipindi kimoja kirefu kwa wiki hakifai kama vifupi viwili, kwani mwili unaochoka na kutetemeka huanza kuogopa upya.

Nikiwa nimefunga Ramadhani? Au nikiwa na ugonjwa?

Anayeanza humeza maji bila kukusudia, kwa hiyo peleka mazoezi baada ya futari, chakula kikishatulia, au pumzika mwezi huo ubaki na mazoezi ya vifundo. Hukumu ya maji yaliyoingia bila kukusudia muulize sheikh wako.

Wenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa au pumu waonane na daktari kwanza. Mwenye pumu aweke dawa yake ya kuvuta ukingoni. Mwenye kifafa asiingie majini kamwe bila mtu anayejua hali yake na anayeweza kumtoa.

Nataka kuhamia baharini. Nizingatie nini?

Jua maji yanavyokwenda. Pwani yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kina inaweza kukaribia mita 4. Anayeanza aingie maji yakijaa, si yakipwa: yakipwa, maji yote yaliyo ndani ya mwamba hutafuta mlango wa kutokea, na mkondo wa hapo unamshinda hata hodari. Siku za maji mafu, tofauti hiyo ya kina inapokuwa ndogo, ni tulivu zaidi. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, Juni hadi Agosti, chagua asubuhi au ubaki bwawani.

Ogelea sambamba na ufuko mahali unaposimama, usielekee nje. Vaa viatu vya majini kwa ajili ya shokomzoba, wale viumbe wa baharini wenye miiba. Mkondo ukikuchukua, usipambane nao uso kwa uso. Elea, inua mkono, kisha ogelea kwa kukingama hadi uutoke.

Nikimwona mtu anazama, niruke?

Usiruke. Anayezama kwa kawaida hapigi kelele: yuko wima, mdomo unatokeza na kuzama, mikono inakandamiza maji pembeni, na muda wake unaweza kuwa chini ya dakika moja. Atakushika na kukuzamisha. Mtupie kamba, mpe mti mrefu, au mrushie dumu tupu la lita 20 lenye kifuniko kilichokazwa. Dumu hilo linabeba takribani kilo 19, na mtu aliye majini anahitaji sehemu ndogo tu ya hiyo ili kichwa kibaki juu.

Akitolewa hapumui, usimning'inize miguu juu wala kumkandamiza tumbo. Unachelewesha hewa na unamfanya atapike. Mlaze chali, inua kidevu, mpe pumzi 5 mdomo kwa mdomo, kisha mkandamize katikati ya kifua mara 30, kina cha sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, pumzi 2, na kuendelea hivyo huku mwingine akiita msaada.

Nikishajua kuogelea, bado nivae jaketi la kuokolea kwenye boti?

Ndiyo. Kuogelea bwawani hakukuandai kwa usiku, mawimbi, nguo nzito na umbali wa kilomita. Lifunge vifungo vyote, kisha mwombe mwenzako alivute juu kwa mabega. Likipita kidevu chako ni kubwa. Omba jingine kabla boti haijang'oa nanga.